Saa Mia Moja

Kapend, kijana wa duka pale Kamalondo,
alinishika mkono kabla ya kunipa risiti:
"Mzee, usizihukumu leo.
Bado ni ngumu kifuani.
Zipigishe saa mia moja, polepole,
ndipo zitafunguka."
Nikacheka. Saa mia, huku kwetu Katuba,
ambako umeme huja kama mkwe mwenye deni:
huchelewa, haukai,
na huondoka bila kuaga.

Nikazipandisha juu ya matofali,
kitambaa cha Chola chini yake zisikwaruzike,
nikaazima chaki ya mjukuu
nikachora ukutani kijiti cha kwanza.

Siku hiyo zilikohoa tu.
Besi ilikuwa mtu anayebisha hodi amevaa glavu,
sauti ya juu, kijiko ndani ya sufuria tupu.
Chola akatoka jikoni na mwiko wa bukari:
"Pesa ya mwisho ya kampuni, ndiyo hii?"
Ndiyo hiyo.
Miaka thelathini na moja kwenye kinu cha kusaga mawe,
na kinu kilijilipa mapema kuliko mimi:
kilichukua sikio la kushoto.
Kwa hiyo nimenunua spika mbili
na moja inaimbia mlango uliofungwa.

Ndani yake, nyuma ya karatasi ile nyeusi,
kuna waya wa shaba uliozungushwa,
mwembamba kama unywele wa kichanga.
Shaba naijua. Niliiona ikiondoka,
mawe ya kijani yasiyo na neno,
lori nyuma ya lori kwenda Kasumbalesa.
Sijui kama ni ileile. Siapi.
Ila imerudi imejifunza kuongea,
na kwa bei ambayo mpaka leo
sijamtajia mke wangu yote.

Saa ya tisa. Saa ya kumi na nne.
Umeme ukirudi usiku wa manane naamka peku,
naziwekea rumba ya kunong'ona,
nakaa na blanketi mabegani
kama mtu anayenywesha mtoto maziwa.
Jirani Musonda akauliza asubuhi
mgonjwa wetu anaendeleaje.

Saa ya thelathini nikasema: zimeanza kulegea.
"Ni sikio lako lililozoea," akasema Chola.
"Hata mimi, mwaka wa kwanza,
ulisema naongea kama mvua juu ya bati."
Nilisema?
"Ulisema. Mimi ulinipa saa ngapi?"
Nikaenda ukutani, nikaongeza kijiti.

Kisha transfoma ya mtaa ikaungua.
Siku kumi na moja za mishumaa,
spika zimesimama juu ya matofali yao
kama wageni waliokosea nyumba ya msiba.
Siku ya kumi na mbili nikahesabu ukuta:
vijiti mia moja na saba.
Nilikuwa nimeacha hamsini na mbili.
Mwansa akaficha mgongoni vidole vyake vyeupe.
"Babu, nilikuonea huruma."

Basi zimekomaa. Mwenye chaki ameamua.

Jioni umeme ukaja.
Nikaketi pangu, Chola akaketi kushoto kwangu,
pale anapokaa tangu sikio life,
maana, anasema, hapo ananisema bila kesi.
Rumba ya ujana wetu, ile ninayoijua
pumzi kwa pumzi kutoka redio ya betri
iliyokuwa ikiwatia wote katika gunia moja.
Mara akanigusa goti.
Akainuka, akazunguka, akainama kwenye sikio zima:
"Huku kwangu kuna gitaa la pili."
Gitaa gani?
"Dogo. Lako linauliza, hili linajibu."

Akarudi kukaa.
Sasa kila linapojibu
ananigonga goti kwa kidole:
hapa.
Na hapa.
Subiri kwanza.
Hapa.